Barua ya Mtae Ina Nafasi ya Jina Moja

Nina fumbo la watu watatu na barua moja. Wadogo wakae mbele, wakubwa wakae popote wanapoona panawafaa, lakini asijibu mtu kabla sijamaliza. Kila aliyelijibu mapema amelazimika kubadili jibu lake njiani. Mimi mwenyewe nimelibadili mara nne.

Palikuwa na watu watatu hapa Lushoto, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Mbelwa, na kipaji chake kilikuwa vidoleni. Alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi nyumbani wakati wenzake wote walibaki. Ukimwambia jambo unalotaka kompyuta ifanye, alikuna kidevu, na kabla chai yako haijapoa kompyuta ilikuwa inalifanya.

Wa pili aliitwa Nakunda, binti wa Kipare kutoka Same, na kipaji chake kilikuwa machoni. Alichokiona mara moja hakikumtoka. Aliweza kuchora mlango wa nyumba aliyoipita mwaka jana, na akakumbuka kitasa kimelegea upande gani.

Wa tatu aliitwa Kaoneka, na kipaji chake kilikuwa ulimini. Alikuwa emsii wa harusi kuanzia Soni mpaka Mlalo. Inasemekana aliwahi kuituliza harusi ambayo pilau liliungua wakwe wakiwa wamekwisha kaa mezani, na wakwe wakaondoka wakisifu ukoko.

Watatu hawa walitaka kutengeneza gemu ya simu, na walitaka iwe ya kwetu. Gemu yenyewe ni hii. Kijana wa miaka ishirini amepewa barua Mombo, chini ya mlima, aipeleke kwa miguu hadi Mtae, mwisho wa milima yetu, kabla mvua haijafuta wino. Hana ramani. Lazima aulize njia nyumba kwa nyumba. Na hapo ndipo penye ugumu wake: akifika kwa mtu akauliza njia bila kusalimu, mlango haufunguki. Akimwambia mzee "mambo vipi", mlango unafunguka, lakini anaelekezwa bondeni. Akiamkia inavyopasa, akajibu habari za nyumbani, akangoja naye aulizwe za kwao, anaonyeshwa njia ya mkato.

Nimewasikia watu wa mijini wakisema gemu haiwezi kuwa na salamu ndefu kiasi hicho, mchezaji atachoka. Kwetu mchezaji asiye na subira ya salamu anachoka bondeni, na ni haki yake.

Kaoneka ndiye aliyebuni namna ya kuchangisha. "Harusi tunachangiwa na watu wasiomjua hata bibi harusi," alisema. "Kwa nini gemu tusichangiwe?" Wakaunda kamati, wakachapa kadi, wakafungua kundi kwenye simu. Kadi iliahidi hivi: kila atakayechangia atapata nyumba yake ndani ya gemu, kando ya njia, na jina lake mlangoni. Mlango mmoja, jina moja. Mbelwa alikadiria nyumba sitini, akapiga hesabu, akasema miezi tisa. Basi Kaoneka, kwa mazoea ya kazi yake, akaandika chini ya kadi tarehe, saa na ukumbi: Jumamosi ya kwanza baada ya Idi, saa nane mchana, mfike bila kukosa.

Mke wangu Tabea alichangia. Mimi sikuchangia. Nilikuwa mpima ardhi wa serikali kwa miaka thelathini na mmoja, na njia ya kutoka Mombo kwenda Mtae nimeipima kwa miguu yangu. Sikuona sababu ya kuitembea kwa kidole.

"Wewe uliipima," Tabea aliniambia. "Hukuwahi kumsalimia mtu."

Sasa sikilizeni jinsi kazi ya miezi tisa ilivyokuwa ya miaka sita, maana fumbo limelala humo.

Nyumba sitini zilijaa katika wiki mbili. Lakini kwetu mchango haukataliwi mlangoni. Anayeleta bahasha baada ya kamati kufunga daftari haambiwi amechelewa, anaambiwa karibu, na anatafutiwa kiti. Kaoneka hakuweza kumkatalia mtu. Nakunda hakuweza. Mbelwa alijaribu mara moja, mama yake akamwita pembeni akamuuliza nani aliyemfundisha tabia hiyo. Watu wa Bumbuli wakachangia, wa Mlola wakachangia, watoto wetu walioko Mwanza na Muscat wakachangia. Walipokuja kuhesabu, nyumba za kujengwa zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Tarehe ya kwenye kadi ilikuwa bado ile ile, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kadi ya harusi ikibadilishwa tarehe.

Jumamosi ikafika. Watu walikuja ukumbini wameshona sare ya kitenge, rangi ya majani ya chai na manjano. Walikuja na zawadi zimefungwa: seti za glasi, blanketi, na mmoja alikuja na mbuzi. Pazia likafunguliwa. Kwenye ukuta mweupe akaonekana kijana asiye na kichwa, ameshika barua, akatembea moja kwa moja mpaka ukutani mwa nyumba, akaupenya ukuta, asirudi.

Mbelwa alikuwa amekaa nyuma ya kompyuta. Nakunda alikuwa anatazama viatu vyake. Kaoneka akachukua kipaza sauti.

"Ndugu wageni waalikwa," alisema, "bibi harusi amekwisha kuoga. Amekwisha kusukwa. Bado hajavaa."

 Kisha Bi Sekela, mama wa miaka karibu themanini aliyekuwa amekaa mstari wa mbele, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Anavaa nini huyo, na kichwa hana?"

Watu wakacheka. Kaoneka akaona mlango, akaingia. Alisema pilau haliahirishwi. Alisema mbuzi naye hajui habari za kompyuta. Watu wakala, wakacheza, wakarudi nyumbani wamefurahi, na sijui mtu mwingine ambaye angeweza kufanya hivyo siku ile. Lakini tangu siku hiyo watatu hawa hawakupita sokoni bila kuulizwa, "Vipi, bibi harusi kavaa?" Waliulizwa miaka mitano.

Sasa nitawaeleza kila mmoja alifanya nini. Pimeni vizuri.

Nakunda alikataa kuchora nyumba moja na kuirudia. Mbelwa alimshauri achore aina kumi za nyumba, abadilishe rangi za milango, kazi iende. Kaoneka naye alimsihi. "Nyumba ni nyumba, dada. Ukuta, bati, mlango."

"Basi kamwambie mama yako ahamie ya jirani," Nakunda alimjibu. "Ukuta, bati, mlango."

"Nyie Wapare!"

"Sisi Wapare nini? Malizia."

 Nakunda akafunga daftari lake ndani ya mfuko wa nailoni, akaanza kutembea. Alikwenda kila nyumba. Kwa wale walioko mbali alikwenda kwa wazazi wao. Alikaa, alikunywa chai, alichora. Mwaka wa pili aliteleza kwenye mteremko wa Mlola, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Kamati ilidhani sasa atapumzika. Alichora nyumba tisini kwa mkono wa kushoto. Mkicheza mkaona nyumba zimeinama kidogo, kama zinasikiliza, jueni ni hizo. Alipopona watu walimwomba azirekebishe, akasema wenye nyumba wenyewe wamezikubali. Kazi hiyo ilichukua miaka miwili na miezi minne. Kwetu alichora ngazi tatu za mlangoni, na ile ya kati akaichora na ufa wake, ufa ambao nilikuwa nimeahidi kuuziba tangu mwaka binti yetu alipoolewa.

Kaoneka alibaki na watu. Hili ni jambo dogo kulisema na kubwa kulifanya. Watu mia nne na kumi na wawili wamechangia kitu wasichokiona, na kila mwezi lazima mtu awaambie kwamba bado. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi alituma sauti yake kwenye kundi. Hakuwahi kudanganya. Kama mwezi ule zimekamilika nyumba nne, alisema nne, na akazitaja ni za nani. Kama haikukamilika hata moja, alisema hakuna, kisha akasimulia kwa nini. Walipokuja watu wa Soni, ishirini na watatu, wakitaka kujitoa wote kwa pamoja, aliwafuata nyumbani mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alianza na habari za mifugo. Waliojitoa mwishowe walikuwa watatu, na wawili wao walirudi. Yeye mwenyewe alilipia jambo hilo kwa namna yake. Watu walianza kumwita emsii wa harusi isiyo na bibi harusi, na wenye harusi za kweli wakaogopa mkosi. Msimu mmoja mzima hakuitwa hata kwenye kipaimara. Alilima karoti, akaendelea kutuma sauti.

Mbelwa alifanya kosa, kisha akalirekebisha, na yote mawili yalikuwa makubwa.

Mwaka wa nne gemu ilikuwa karibu tayari, wakaipeleka kwa Bi Sekela aijaribu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiuliza kwa sauti kuliko wote. Alipewa simu, akavaa miwani. Kijana wake, sasa ana kichwa, akafika kwenye nyumba ya kwanza. Ilikuwa ya mtoto aliyechangiwa na bibi yake akiwa na miezi minane, na kwenye gemu alikuwa bado kichanga. Gemu ikamtaka kijana aamkie. Akaamkia. Mtoto akajibu, kwa maandishi: "Marahaba, mwanangu."

"Sawa," alisema Bi Sekela. "Labda kichanga hiki ni cha ukoo wa kifalme."

Akaenda mbele mpaka akafika kwenye nyumba yake mwenyewe. Aliitambua, akashika kifua. Mlango ukafunguka, na Bi Sekela wa kwenye gemu akatoka nje, mama wa miaka themanini na mitatu, akainama mbele ya kijana wa miaka ishirini akasema: "Shikamoo."

Bi Sekela wa kweli aliiweka simu mezani, ikatazama chini.

"Mbelwa," alisema. "Huyu nimwamkie, kwani yeye ndiye aliyenizaa?"

Kosa lilikuwa hivi. Mbelwa alihitaji kuijulisha kompyuta nani mkubwa kwa nani. Hakuwa na miaka ya watu. Alikuwa na orodha ya michango, mwenye namba ndogo juu, mwenye namba kubwa chini, akaifanya orodha hiyo kuwa ndiyo umri. Mtoto alichangiwa siku ya pili, akawa mzee. Bi Sekela alichangia mwishoni, akawa binti. Na mambo yote mengine yalitundikwa kwenye ukubwa huo: nani anajua njia ipi, nani anakutuma kwa nani, nani ana haki ya kukwambia ukae. Ukivuta msumari huo, nyumba nzima inashuka.

Angeweza kuzibadilisha salamu chache na kuficha nyufa. Nimewajua mainjinia wazuri ambao wangefanya hivyo. Wakati ule ule kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa imemwita kwenye kazi yenye ofisi na gari la kumfuata asubuhi. Aliwaomba wamngoje miezi mitatu. Hawakungoja. Akafuta kazi ya mwaka mmoja na nusu, akaanza upya. Na alipoanza upya akasema neno ambalo lilitubadilishia gemu yote: kwamba marahaba ya maandishi haina uzito, kila mwenye nyumba aitikie kwa sauti yake mwenyewe.

Basi Kaoneka akazunguka tena na kinasa sauti, na pia kuuliza miaka ya watu. Hiyo ya pili ilikuwa kazi ngumu zaidi, kwa wanawake na kwa wanaume. Hakuuliza umri. Aliuliza, "Wakati wa vita vya Kagera ulikuwa darasa la ngapi?" na mtu alijibu kabla hajajua amejibu nini.

Kwetu alikuja mara tatu. Mara ya kwanza mvua ilipiga bati, hakikusikika kitu. Mara ya pili mvua tena. Kamati ilikuwa na nyumba nyingi za kumaliza, na ingetosha kuirekodi ya Tabea kama ilivyo, ila Kaoneka alisema sauti hii haiwezi kutoka na mvua ndani yake, atarudi. Mara ya tatu anga lilikuwa kavu. Tabea alikuwa ameanza kuumwa, lakini alivaa, akafunga kilemba, akakaa barazani kama anayepigwa picha. Kaoneka akamuuliza alikuwa darasa la ngapi.

"Usinizunguke," alisema. "Nina miaka sitini na minne. Washa chombo chako."

Tabea alifariki Februari iliyofuata. Gemu ilikamilika mwaka mmoja na miezi saba baadaye.

Baada ya sauti kurekodiwa na kabla gemu haijakamilika, wachangiaji kumi na mmoja walifariki, na watatu hawa walikaa kikao kuamua nyumba zao zifanywe nini. Mtu wa kamati alishauri zifungwe, kwa heshima. Sikuwapo, ila nimeambiwa na wote watatu, na maelezo yao yanalingana. Nakunda alisema hatachora mlango uliofungwa kwenye nyumba aliyonywea chai. Kaoneka alisema sauti zao anazo, na hatakuwa yeye wa kuzinyamazisha. Mbelwa akafungua kompyuta yake. Alikuna kidevu, na kabla ya kikao kwisha milango kumi na mmoja ilikuwa wazi.

Ikaja Jumamosi ya pili. Ukumbi ule ule, saa nane ile ile. Watu walivaa sare ile ile ya kijani na manjano, na wengine zilikuwa zimewabana. Waliokuwa watoto wa kubebwa walikuja wakitembea. Kaoneka akasimama na kipaza sauti, akasema maneno matatu tu. Nadhani ndiyo hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

"Bibi harusi ametoka."

Watu walipiga vigelegele kabla hawajaona kitu. Nimehudhuria ufunguzi wa barabara, wa daraja na wa chuo, nimekaa nyuma ya mawaziri. Sijawahi kuona watu wanaotazama kitu na kukijua ni chao namna ile. Kijana akapanda kutoka Mombo. Njia ilikuwa sahihi: kona za Soni ziko mahali pake, maporomoko yako upande wake. Nilizihesabu, sikuona kosa. Kila alipobisha, mtu mmoja ukumbini alisimama akapiga kelele, "Ni kwangu! Ni kwangu hapo!" na jirani zake wakamshika wamkalishe. Mtoto wa miezi minane alikuwa sasa na miaka sita, naye alisimama akasema ni kwake. Bi Sekela aliamkiwa na kijana kama ilivyopasa. Akaitikia mara mbili, mara moja kwenye gemu na mara moja kutoka kitini.

Kisha Kaoneka akaita wasio wachangiaji nao wajaribu, akanitaja jina. "Mzee Shemdoe, mpima njia! Njoo utuambie kama tumekosea."

Nilipewa simu. Ukuta uliwaonyesha wote nilichokuwa nakiona. Nilitembea, si vibaya, mpaka nikafika kwenye ngazi tatu, ya kati ina ufa. Mlango ulikuwa wazi nusu, kama alivyozoea kuuacha. Nikasimama.

Mimi nilimzidi Tabea miaka sita. Tuliishi pamoja miaka arobaini na mmoja. Alinipa salamu za kila aina, nami nilimrudishia nyingi kati ya hizo, lakini katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwamkia, wala hapakuwa na sababu. Gemu haikujua hayo. Ilimjua kijana wa miaka ishirini, amesimama mlangoni kwa mama wa miaka sitini na minne, na ilikuwa inamngoja.

"Mzee," alisema Kaoneka kwa upole, bila kipaza sauti, "bila salamu hautafunguka wote."

"Mwamkie mkeo!" alisema Bi Sekela. "Ulipita mlima wote huu na kamba yako, hukuamkia mtu."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Nikabonyeza. Kijana akasema, "Shikamoo."

"Marahaba," alisema Tabea. "Karibu, mwanangu. Kaa kwanza, upumzike. Njia bado ipo."

Hapakuwa na mvua juu ya bati. Sauti ilikuwa safi.

Nitawaambia jambo moja, nalo liingizeni kwenye mizani yenu. Kama gemu ingetoka tarehe ya kwenye kadi, Tabea angeicheza, na angeipenda. Lakini ingekuwa gemu ya maandishi. Nisingekuwa na ile marahaba. Nimelipima jambo hili kwa njia zote ninazozijua, na siwezi kusema kucheleweshwa kule kulinipa zaidi au kuliniondolea zaidi. Ninachosema ni kwamba gemu imekamilika, imekamilika vizuri, na imefanywa hapa.

Sasa barua.

Tangu Mombo mpaka Mtae, kijana anasema kwenye kila mlango, "Nina barua ya fulani." Nyumba ya mwisho kabisa, pale Mtae ukingoni, ndiyo nyumba ya huyo fulani. Siku ya kwanza kamati iliiacha bila jina, ikakubaliwa kwamba gemu ikikamilika, nyumba hiyo itapewa jina la mmoja wa watengenezaji, yule aliyeifikisha gemu mwisho. Watatu hawa hawana nyumba nyingine humo. Jina litakaloandikwa ndilo kila mchezaji atalibeba mkononi mlima mzima, na kulitamka kwenye milango zaidi ya mia nne. Wachangiaji wameulizwa, wamegawanyika mara tatu, karibu sawa.

Upande wa Bi Sekela unasema ni Kaoneka, kwa kuwa gemu bila watu wa kuingoja ni kelele ndani ya kompyuta. Vijana wanasema ni Mbelwa, kwa kuwa ndiye aliyevunja alichojenga na kukijenga tena, na akakataa gari la asubuhi. Wenye nyumba wengi, hasa akina mama, wanasema ni Nakunda, kwa kuwa bila yeye wangekuwa na jina mlangoni, wasiwe na mlango.

Na kila upande una jibu kwa mwenzake. Kaoneka ndiye aliyechapa tarehe. Nakunda ndiye aliyetumia miaka miwili na miezi minne. Mbelwa ndiye aliyemwinamisha Bi Sekela. Kila mmoja alituchelewesha, na kila mmoja, kwa kitu kile kile kilichotuchelewesha, alitufikisha.

Wakanichagua mimi niamue, kwa kuwa sikuchangia. Niliwaambia sifai, mke wangu yumo. Wakasema ndiyo maana.

Juzi watatu walikuja kwangu, wakakaa barazani. Nikamuuliza kila mmoja angeandika jina la nani. Nilitarajia unyenyekevu.

"Langu," alisema Mbelwa.

"Langu," alisema Nakunda. "Na usinitazame hivyo, Mzee. Nimezichora zote na sina hata moja."

Kaoneka alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mimi nimetaja majina ya watu kwenye kipaza sauti miaka kumi na tisa," alisema. "Ya maharusi, ya wakwe, ya mashangazi. Langu sijawahi kulisikia likitajwa na mtu mwingine. Nalitaka, Mzee. Sikufichi."

"Na nikiandika la mwenzako?"

"Nitalitangaza mimi," alisema. "Nani mwingine?"

Wakanywa chai. Nakunda alipoondoka aliiruka ngazi ya kati, kama wanavyofanya watu wa nyumbani.

Msiniambie waandikwe wote watatu. Barua yenye majina matatu ni tangazo, na kadi ilisema mlango mmoja, jina moja. Msiniambie niandike la Tabea. Nimelifikiria hilo kabla yenu, na nimelikataa: nyumba yake anayo, na mlango uko wazi. Wala msiniambie nafasi iachwe tupu, maana kijana hawezi kupanda mlima mzima akiulizwa barua ni ya nani, akajibu hajui.

Jumapili saa tano Kaoneka atakuja kuchukua jina. Bahasha iko mezani, kalamu iko juu yake. Nakunda alitoa macho, Kaoneka akatoa ulimi, Mbelwa akatoa vidole, na mahali pa kuandika nimepapima: panaenea jina moja.

Haya, wa mbele na wa nyuma. Kijana ameshika barua, amesimama Mombo, anakungoja wewe. Je, ungemwambia ni ya nani?